Nani Aliyefunga Mlango

"Haiko vile," mama akasema, na kabla hatujamwuliza chochote alikuwa ameshainuka mkekani. Akaenda moja kwa moja kwa kijana aliyekuwa akiigiza mjomba wa marehemu, akamwondoa kwenye kiti cha plastiki, akakibeba kiti hicho mpaka ukutani. "Mjomba akija kwa mambo ya vitu, hakai. Ukimuona amekaa, ujue amekuja kulia. Siku ya vitu anasimama mulangoni, muguu moja ndani, muguu moja inje."

Kijana akasimama mlangoni kama alivyoelekezwa. Dada aliyeigiza mjane alikuwa ndani, amekaa chini, kichwa kimefunikwa kikwembe (kitenge). Mpaka dakika ile alikuwa akisema maneno yake vizuri tu. Sasa akainua macho, akaona kwamba hawezi kutoka bila kumgusa shemejiwe au mjomba wa mumewe, na sauti yake ikashuka yenyewe. Hakuna aliyemwambia aishushe.

Tulikuwa uani kwa mama huyo, komini (yaani manispaa) ya Katuba, mji wa Lubumbashi, Kongo, mwezi wa nane, vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu. Nilikuwa nimeshawahoji watu 31 kuhusu jambo hilo hilo kwa muda wa miaka miwili. Hakuna hata mmoja aliyenitajia mlango.

Nilisoma anthropolojia Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Memwari yangu, yaani tasnifu ya kumaliza masomo, ilihusu yanayompata mjane baada ya maziko: vitu vya nyumba, nyumba yenyewe, watoto. Nilizunguka Katuba na Kenya (Kenya hii ni komini yetu, si nchi) nikiwa na kinasa sauti na daftari, nikikaribishwa maji, mara nyingine bukari (ugali) na sombe (kisamvu), nikiuliza maswali yangu kwa mpangilio niliofundishwa. Watu walinijibu kwa ukarimu. Niliandika, nikatetea, nikapita. Kisha nikamrudia mama mmoja kati ya wale niliowahoji, nikamsomea sura iliyomhusu, nikiitafsiri kutoka Kifaransa sentensi baada ya sentensi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akasema, "Ni muzuri, mwanangu." Halafu akauliza kwa upole, "Huyu mwanamuke unasema, ni nani?"

Swali lile lilinikaa. Kila neno la sura ile lilikuwa limetoka kinywani mwake, na yeye mwenyewe hakujisikia humo.

Asiyeujua mji wetu inafaa ajue kwanza kilio ni nini, maana msiba sisi twauita kilio. Turubai linafungwa uani au barabarani, viti vinakodiwa, wanaume wanakesha nje kando ya magogo yanayowaka, wanawake wanakaa ndani chini kwenye chumba kilichotolewa fanicha. Karibu na lango kuna meza, na juu ya meza kuna daftari ambamo kila anayetoa mchango anaandikwa jina na kiasi. Mji wenyewe ulianzishwa 1910 kwa ajili ya shaba, ukaitwa Élisabethville mpaka 1966, na tangu mwanzo ulikusanya watu wa kila upande. Wapo wanaohesabu ukoo kwa mama, kama Wabemba, Walamba na Wasanga. Wapo wanaouhesabu kwa baba, kama Waluba wa Kasai. Watu hao wameoana kwa vizazi. Kwa hiyo baada ya maziko, familia inapokaa kuzungumza, mara nyingi desturi mbili zimeingia nyumba moja na kila moja inajiona mwenyeji. Juu yake kuna sheria ya nchi, Kanuni ya Familia ya 1987 iliyorekebishwa 2016, inayowapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, na kumweka mjane kundi la pili, pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Yote hayo niliyaeleza kwenye memwari, na yote ni kweli. Lakini ni maelezo ya mtu aliyesimama nje ya turubai.

Wazo la kuyaigiza mahojiano halikutoka mbali. Lilikuwa hapa hapa mjini kabla sijazaliwa. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa ameshafanya kazi kwa miaka mingi katika mkoa wetu wa Katanga, ulioitwa Shaba wakati ule, aliwauliza rafiki zake wa kundi la Mufwankolo maana ya msemo aliousikia, ule unaosema kwa Kifaransa "Le pouvoir se mange entier", yaani mamlaka huliwa mazima. Wazee wangu wanalijua kundi hilo kwa michezo yake ya Kiswahili redioni na kwenye televisheni. Waigizaji wale hawakumjibu kwa maelezo. Waliuchukua msemo wenyewe, wakabishana, wakaugawa katika mandhari, wakafanya mazoezi, na mwishowe mchezo ukarekodiwa kwa ajili ya televisheni katika kijiji cha Kawama, karibu na mji. Fabian alifuata kila hatua na kuinukuu kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, na kitabu chake kikatoka 1990. Jambo alilolisisitiza nimelibeba mpaka leo: sehemu kubwa ya yale watu wanayoyajua hawawezi kuyatoa kama jibu la swali. Wanaweza tu kuyatenda, na mtafiti anatakiwa awepo wakati yanatendwa, tena awe mmoja wa walioyasababisha.

Nilikuwa nimeyasoma hayo nikiwa mwanafunzi, nikapiga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu, kisha nikaenda uwandani na maswali 40 yaliyochapwa.

Tulianza watu sita: mimi, waigizaji wanne wa mtaani wanaocheza kwenye sherehe na kanisani, na mwalimu mmoja wa sanaa za jukwaa aliyejitolea kutusaidia Jumamosi. Kazi ya kwanza aliyotupa ilikuwa kusoma mahojiano kwa sauti, bila kuyasafisha. Niliponukuu kanda zangu nilikuwa nimeondoa kila "eeh", kila sentensi iliyoanzwa ikaachwa, kila mahali mtu alipokohoa au kumwita mtoto. Niliona ni heshima kwa msemaji, aonekane anasema vizuri. Mwalimu akataka virudi vyote. Ikabidi nikae tena na kanda, usiku baada ya usiku, nikiandika pumzi. Na pale ndipo nilipogundua kwamba mama mmoja, kila alipofika kwenye siku ya tatu ya kilio, alikatiza hadithi kuniuliza kama nimeshiba. Mara nne. Nilikuwa nimezifuta zote nne kwa sababu hazikuhusu mada.

Jumamosi iliyofuata tulikwama ukurasa wa kwanza. Mwigizaji aliyeshika maneno ya mjane alisoma, "Kisha vitu vikachukuliwa, nyumba ikafungwa." Kijana aliyetakiwa kuigiza upande wa mume akasimama katikati ya chumba hajui aende wapi. Akanigeukia, akaniita kama tunavyomwita ndugu mkubwa: "Yaya, nani anachukua? Nani anafunga?"

Nikafungua karatasi zangu. Katika mahojiano yote, watu walipofika sehemu ile walihamia kauli ya kutendwa: vilichukuliwa, ilifungwa, nilitolewa, watoto waligawanywa. Lugha yetu inakuruhusu kusimulia uporaji mzima bila kumtaja aliyepora. Mtu anayeishi mtaa mmoja na wakwe zake ana sababu nzuri za kusema hivyo, na mimi niliyemsikiliza sikuona kitu. Hata uchambuzi wangu uliandikwa vivyo hivyo: "mali huchukuliwa na upande wa mume", kana kwamba upande una mikono. Jukwaani kauli ya kutendwa haichezeki. Mlango unafungwa na mkono ulioshika ufunguo, na mkono huo una mwenyewe.

Nikarudi Katuba. Safari hii sikubeba maswali. Nilibeba ufunguo mmoja na kufuli, nikawaomba akina mama watatu wanionyeshe, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja nyumbani kwake. Wa kwanza aliutazama ufunguo, akaurudisha mkononi mwangu, akaanza kuzungumzia bei ya makala (makaa ya kupikia). Wa pili aliushika muda mrefu. Halafu akasema, "Ni wifi."

Wifi. Si mjomba anayesimama mlangoni, si shemeji aliyeleta gari. Dada wa marehemu. Nilipouliza kwa nini, akanijibu kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua: "Wifi ndiye alipika jikoni kwako siku zote za kilio. Anajua sufuria iko wapi, anajua na feza ulificha wapi. Banaume bako na haya ya kuingia chumba ya mwanamuke. Banamutuma." Kisha akaongeza, bila mimi kuuliza, kwamba ufunguo wenyewe yeye ndiye aliyeutoa. Hakunyang'anywa. Wifi alikuja akakaa karibu naye, akamshika bega, akamwambia, "Unipe ufunguo, upumuzike kidogo." Akampa. Akalala, kwa mara ya kwanza tangu kifo. Alipoamka, watu walikuwa wakifunga godoro kwa kamba.

Miaka miwili nilikuwa nimeandika kuhusu nguvu na kunyang'anya. Kumbe katika nyumba ile mlango ulipitia kwenye huruma. Siwezi kusema ilikuwa huruma ya uongo. Mama mwenyewe hakusema hivyo. Wifi alikuwa amefiwa na kaka yake, na macho yake yalikuwa yamevimba kama ya mjane.

Baada ya hapo tuliacha kuanza na maneno. Kuna kundi la New York, Tectonic Theater Project, ambalo baada ya mauaji ya kijana mmoja katika mji wa Laramie, Wyoming, mwaka 1998, lilikwenda huko na kufanya mahojiano zaidi ya 200 na wakazi, na mchezo wao ukatengenezwa kutokana na mahojiano hayo. Njia yao ya mazoezi haimpi mwandishi nafasi ya kwanza. Mwigizaji anachukua kitu, au mwanga, au sauti, anatengeneza kipande kifupi ambacho anakifungua kwa kusema anaanza na kukifunga kwa kusema amemaliza, kisha waliotazama wanasema walichokiona kabla ya kusema walichokielewa. Mwalimu wetu aliileta njia hiyo Katuba, na imetufaa kuliko nyingine zote, kwa sababu haihitaji jukwaa wala taa wala kujua kusoma. Unasema "naanza". Unafanya. Unasema "nimemaliza".

Mfano wa sufuria. Binti mmoja wa kundi letu alisema "naanza", akaweka sufuria kubwa ya kilio katikati, ile ya kupikia bukari ya watu wengi, akaigeuza kifudifudi, akakaa juu yake. Basi. "Nimemaliza." Tuliotoka chuoni tuliona mwanamke aliyechoka. Akina mama walioalikwa wakashtuka, mmoja akaweka mkono mdomoni. Kukalia sufuria, wakatueleza wakipokezana, ni jambo ambalo mwanamke halifanyi, na kulifanya kwenye kilio ni kusema kwamba hapa hakuna atakayekula tena. Binti hakulijua hilo, alikuwa anatafuta mahali pa kukaa tu. Lakini mazungumzo yaliyofuata yalidumu karibu saa mbili, juu ya nani hupika kwenye kilio, nani huruhusiwa kukataa kula, na yule mama aliyewahi kukataa kuwapikia wakwe siku ya kugawana vitu, akazima moto, na jinsi hilo lilivyochelewesha mambo mpaka kaka zake wakafika kutoka Likasi. Sikuwa na swali hata moja kati ya yale 40 ambalo lingenifikisha jikoni.

Watu huniuliza kama haya si mambo ya kigeni, kuwafanya wafiwa wacheze. Mimi nasema waende kwenye kilio chenye watani. Wabemba wanawaita banungwe. Nimemwona mtani mmoja, siku ya pili, amevaa koti la marehemu na viatu vyake, ameingia uani akichechemea kama marehemu alivyochechemea miaka yake ya mwisho, mkono nyuma ya kiuno, na sauti ile ile ya kukwaruza, anauliza kwa nini watu wengi nyumbani kwake na bukari haijaiva. Watoto wa marehemu walicheka mpaka wakalia. Mjane, ambaye hakuwa amesema neno tangu hospitali, akajibu: "Ngoja kwanza wageni bakule." Akamjibu mumewe. Uwanja mzima ulisikia. Mtani akachechemea mpaka kwenye moto wa wanaume, akakaa, akavua koti polepole, akalikunja, akaliweka mapajani. Tangu utoto wangu Kamalondo nimeona michezo mingi, na sijaona ustadi unaozidi ule.

Kwa hiyo hatukuwaletea watu tamthilia. Tuliikuta. Tulichowaletea ni nafasi ya kuusimamisha mchezo, kurudi nyuma, na kuucheza tena kwa namna nyingine, jambo ambalo kilio chenyewe hakiruhusu.

Hapo kuna mtu mwingine wa kushukuru. Augusto Boal, Mbrazili, alisimulia kwamba mwaka 1973 alipokuwa Peru na mradi wa kisomo, mwanamke mmoja katika watazamaji alikuwa akiwaelekeza waigizaji wafanye nini, nao kila mara wanafanya sivyo. Mwishowe Boal akamwambia apande jukwaani aonyeshe mwenyewe. Ndivyo ilivyozaliwa njia yake ya mtazamaji kuingia mchezoni. Mama wa Katuba aliyekiondoa kiti cha plastiki hakuwahi kumsikia Boal, na alifanya kitu kile kile kwa sababu zile zile: alikuwa anajua, na sisi tulikuwa tunakosea mbele yake.

Tulijaribu njia hiyo mbele ya watu kama 80, kwenye ukumbi mdogo. Tulicheza mkutano wa familia mpaka pale mjomba anaposema vitu vyote vya mwanaume vinarudi kwa ukoo wake, tukasimama, tukauliza nani anataka kuchukua nafasi ya mjane. Kijana mmoja aliyesoma sheria akapanda. Akaeleza Kanuni ya Familia, watoto wana robo tatu, mjane ana haki zake, na anayemfukuza anaweza kushtakiwa. Alisema sawasawa. Mwigizaji wetu wa mjomba alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema, "Mutoto wangu, asante. Sheria iko Kinshasa. Hapa tuko kwa kilio." Ukumbi ukanyamaza, maana kila mtu alishawahi kuisikia sentensi hiyo au kuisema.

Akapanda mwanamke wa makamo, muuza kapenta (dagaa) sokoni. Akakaa chini, akajifunika kikwembe kama desturi inavyotaka, hakumtazama mjomba usoni. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hana neno, wazee wamesema. Anaomba kitu kimoja: daftari la michango lisomwe. Lisomwe lote, mbele ya watu, nani alitoa nini, na kwa nani, na zimetumikaje, na baada ya hapo kila kitu kinachotoka nyumbani kiandikwe kwenye daftari hilo hilo, kwa jina la anayekibeba. "Tuandike tu," akasema. "Ili watoto bakikomaa basome."

Mwigizaji wetu hakuwa na la kujibu. Alinitazama mimi. Kila mtu ukumbini aliona kwamba mjomba amekwama, kwa kuwa hakuna mzee anayeweza kukataa daftari lisomwe bila kuonekana ana la kuficha. Yule mama hakumtaja mtu yeyote, hakuvunja adabu hata moja, na alikuwa ameshawalazimisha wote watoke kwenye kauli ya kutendwa. Kila sufuria ingekuwa na jina la aliyeibeba. Nimeambiwa tangu siku ile kwamba watu wawili wamelifanya kwenye vilio vya kweli. Sikuwepo, kwa hiyo siandiki yalivyokwenda.

Ukumbi huo huo ndipo nilipomkosea mtu, na sitaki kulipita haraka.

Katika mahojiano mmoja wa akina mama alikuwa na namna yake ya kukohoa, kikohozi kifupi, mara mbili, halafu anapangusa mdomo kwa ncha ya kikwembe. Mwigizaji wetu ana kipaji. Alisikiliza kanda, akakichukua. Tulibadilisha jina la mama, mtaa, idadi ya watoto, kazi ya mumewe. Karatasi ya ridhaa ilikuwa imesainiwa. Lakini alipokohoa jukwaani mara mbili na kupangusa mdomo, nikaona vichwa vya mstari wa tatu vikigeukiana. Walimtambua. Kesho yake asubuhi shemeji wa mama yule alikuwa mlangoni kwake, anataka kujua ni nini kingine amewaambia watu wa chuo.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Hakunigombeza. Alikuwa anapepeta mchele, aliendelea kupepeta. Akasema tu kwamba yeye alitoa maneno yake, mwili wake hakuutoa. Mpaka leo sijapata maelezo bora ya ridhaa kuliko hayo. Karatasi niliyompa ilizungumzia taarifa, sauti na picha. Haikusema kitu juu ya kikohozi. Dwight Conquergood, aliyeishi na wakimbizi wa Wahmong katika kambi ya Ban Vinai huko Thailand na kutengeneza nao maigizo ya afya, alikuwa ameshaonya kwamba anayeigiza watu wengine anaweza kuwapora huku akidhani anawaenzi. Nilikuwa nimelisoma nalo.

Siku hizi hakuna kipande kinachoonyeshwa kwa yeyote kabla mwenye hadithi hajakiona, peke yake, nyumbani kwake, milango imefungwa. Ana haki ya kuondoa chochote bila kutoa sababu. Na anaondoa. Mama mmoja alituruhusu tubaki na kifo, na deni, na hata kipigo, ila akaondoa wimbo aliokuwa akiimba anapofua. Tulikuwa tumeujenga mchezo mzima juu ya wimbo ule. Tukaanza upya. Wala hatuchezi tena mtu mmoja mzima. Tunachukua mkono wa huyu, mwendo wa yule, sentensi ya mwingine, tena kwa kuwauliza. Kazi imekuwa ya polepole sana. Mfadhili mmoja alichoka akaondoka.

Victor Turner, aliyefanya utafiti kwa Wandembu wa Mwinilunga, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wetu na Zambia, tangu 1950, alisema ugomvi wa jamii hupita hatua kama mchezo: uvunjaji, msukosuko, juhudi za kutengeneza, na mwishowe ama watu wanarudiana ama wanakubali kwamba wameachana. Baadaye, Marekani, yeye na mkewe Edith waliwafanya wanafunzi waigize mila walizosoma, ili wazijue kwa miguu na siyo kwa macho tu. Namheshimu sana. Ila katika nyumba ninazozijua ile hatua ya nne haifiki. Mjane na wifi wanakutana sokoni, wanasalimiana, mmoja anamuulizia mwenzake watoto. Wala hawajarudiana wala hawajaachana. Mambo yamesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

Mwezi uliopita tulikuwa tena uani kwa mama aliyekiondoa kiti. Yeye sasa ni mmoja wetu, anakuja kila zoezi, na waigizaji wote wanamwita mama. Tulikuwa tukitafuta kipande cha ufunguo, na binti aliyekuwa akiigiza wifi hakukipata. Alikuwa mkali mno, kisha mpole mno. Mama alimtazama mara tatu, nne. Mimi nilidhani atasimama kumwelekeza, kama kawaida yake.

Akasema, "Unipe ufunguo. Wifi nitacheza mie."

Tulishangaa, maana yeye ni mjane. Katika mahojiano yangu, namba 17, amesimulia saa nzima yaliyompata, na mimi nimeyanukuu kurasa sita. Sikuwahi kumwuliza kama naye alikuwa na kaka.

Akakaa karibu na binti aliyefunikwa kikwembe. Akamwekea mkono begani, pale pale. "Naanza," akasema. Akapokea ufunguo kutoka kwa binti, akaufunga kwenye ncha ya kikwembe chake, fundo moja, la pili, kama mtu aliyewahi kulifunga fundo hilo. Kisha akabaki ameketi, mkono juu ya fundo. Makala kwenye mbabula yalikuwa yameanza kuwa majivu. Mtoto wa jirani akaja kuomba moto, mtu akampa kwa ishara. Tulingoja, na mama hakusema amemaliza.